Poe, Conan Doyle au Chesterton: mkusanyiko upi ununuliwe kwa uchambuzi?

Mtafuta_Kitabu
Wakuu, habari za jioni. Nataka kununua mkusanyiko mmoja wa hadithi fupi za upelelezi za zamani kwa ajili ya kikundi cha usomaji. Fedha inatosha kitabu cha aina moja tu. Nimebaki na watatu: Edgar Allan Poe, Arthur Conan Doyle na G. K. Chesterton. Yupi anachambulika vizuri? Naagiza wiki hii.

Bibi_Karafuu
Mwanangu, hapo hujasema kitu. Wasomaji ni wa umri gani? Kiingereza wanakimudu? Mnasomea kikaoni au kila mtu kwake? Na mtachambua nini, vidokezo, wahusika au historia ya utanzu wenyewe?

Ndege_Mjanja
Doyle, tufunge mjadala. The Adventures of Sherlock Holmes, 1892, hadithi 12. Zilianza kutoka kwenye jarida la Strand la London Julai 1891, kila moja ikijitegemea, kwa hiyo aliyekosa kikao hapotezi chochote.

Kalamu_Nyekundu
Kwa kuburudika sawa. Kwa kuchambua, Doyle huficha karata. Soma "The Red-Headed League". Holmes anabisha mlango, anamtazama msaidizi wa duka, kisha anamwambia Watson, rafiki yake anayesimulia, kwamba alichotaka kuona ni magoti ya suruali. Watson anauliza, uliona nini? Nilichotarajia kuona. Basi! Msomaji anangoja hadi mhalifu amekamatwa ndipo aambiwe kwamba magoti yalichakaa na kuchafuka kwa kuchimba. Na tarehe zimemshinda: tangazo la gazeti la kazi ya chama cha wenye nywele nyekundu ni la Aprili 27, 1890, kazi imedumu wiki nane, halafu chama kinavunjwa Oktoba 9. Hesabu mwenyewe.

Chesterton anakuwekea kila kitu mezani. Kwenye "The Invisible Man" watu wanne wanalinda jengo, wote wanaapa hakuna aliyeingia, na kumbe tarishi wa barua amepita mbele ya macho yao.

Mwanafasihi_Tanga
Mkuu, umemwaga siri ya hadithi yote na mwenzio hajainunua!

Kalamu_Nyekundu
Ya 1911 hiyo.

Ndege_Mjanja
Doyle akitaka anacheza haki. "Silver Blaze": mchuzi wa kondoo wenye viungo vikali ambao ungeweza kufunika ladha ya kasumba, mbwa ambaye hakubweka, kondoo waliochechemea, kisu cha upasuaji wa macho, hati ya deni ya gauni la bei mbaya. Vyote unavipata kabla ya jibu.

Kalamu_Nyekundu
Kweli, ila "Silver Blaze" haimo kwenye Adventures uliyompendekezea. Imo kwenye The Memoirs of Sherlock Holmes, mkusanyiko uliofuata.

Fundi_Jalada
Hapo ndipo pa kuangalia kabla ya kutoa hela. Kuna buku moja nene la Holmes, mchapishaji simtaji, jaladani limeandikwa "kamili". Kikundi kimoja kililinunua na kikao kikageuka ugomvi wa kurasa. Kwanza, "The Cardboard Box" ilitoka kwenye Strand mwaka 1893, lakini Memoirs ilipochapwa Uingereza kama kitabu iliachwa, zikabaki hadithi 11. Ilirudi 1917 ndani ya His Last Bow. Katikati hapo, kile kipande ambacho Holmes anasoma mawazo ya Watson kilihamishiwa "The Resident Patient". Buku lile limechapa zote mbili bila maelezo, kwa hiyo aya zilezile zinakuja mara mbili. Wengine wakasema ni kosa la mtambo, wengine wakajenga nadharia nzima kuhusu "urudiaji wa makusudi". Pili, "The Dancing Men" inategemea picha za vijitu vinavyocheza, kila kijitu ni herufi. Mle picha zimeondolewa, pamebaki nafasi tupu. Utachambuaje fumbo usiloliona? Kabla ya kulipa, fungua Memoirs uhesabu hadithi, kisha tazama kama vijitu vipo.

Mwanafasihi_Tanga
Poe mnamruka hivihivi? "The Murders in the Rue Morgue" ya 1841 ndiyo iliyoweka msingi: mpelelezi mwerevu, rafiki anayesimulia, polisi waliokwama, chumba kilichofungwa. Tazama mashahidi wa ile sauti kali iliyosikika chumbani. Mfaransa anadhani ni Kihispania, Mhispania anasema Kiingereza, Mwingereza anasema Kijerumani, na kila mmoja anaitaja lugha asiyoijua. Kwa wasomaji wenye lugha mbili tatu, hiyo peke yake ni kikao kizima.

Bibi_Karafuu
Sawa, lakini Dupin, mpelelezi wa Poe, ana hadithi tatu tu. "Marie Rogêt" ni kurasa kwa kurasa za kubishana na magazeti. Ukinunua mkusanyiko wa Poe, sehemu kubwa ni za kutisha.

Daktari_Mstaafu
Mmemsahau R. Austin Freeman. The Singing Bone, 1912. Katika "The Case of Oscar Brodski" sehemu ya kwanza unamwona muuaji akiua na kulaza maiti relini. Sehemu ya pili mpelelezi Thorndyke anafika na kisanduku chake cha kijani na kugundua kwamba vipande vya kioo vimezidi miwani ya marehemu. Chora safu tatu: msomaji alichoona, Thorndyke alichokuta, jinsi alivyounganisha. Muuaji anajulikana, kwa hiyo hakuna anayekimbilia mwisho.

Ndege_Mjanja
Baridi kama ripoti ya maabara. Afadhali "The Speckled Band" ya Doyle.

Daktari_Mstaafu
Yenye nyoka anayekunywa maziwa, anayeitwa kwa mluzi na kupanda kamba? Nyoka hana sikio la nje, na maziwa si chakula chake.

Ndege_Mjanja
Tunachambua fasihi hapa, mzee wangu. Kamba ya kengele isiyo na kengele, tundu la hewa linaloelekea chumba cha pili, kitanda kilichopigiliwa sakafuni: vidokezo vyote vipo.

Daktari_Mstaafu
Vidokezo vipo. Nyoka hayupo.

Mtafuta_Kitabu
Samahani kwa kuchelewa. Ni watu wazima, Kiingereza cha wastani, tunasomea kikaoni, saa moja na nusu. Wengi wameshasoma hadithi za mpelelezi Bwana Msa.

Bibi_Karafuu
Ungeanza na hilo! Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla, 1960, ni riwaya, lakini kiko cha Bwana Msa na usuhuba wake na rafiki yake Najum vinadai kulinganishwa na Holmes na Watson. Mimi sasa naegemea kwa Doyle.

Kalamu_Nyekundu
Adventures na The Innocence of Father Brown ya Chesterton zote zipo bure Project Gutenberg, maktaba ya mtandaoni. Mkimchukua Chesterton, msirukeruke: anzeni na "The Blue Cross", maana Flambeau ni mwizi pale, anaacha wizi "The Flying Stars", na kwenye "The Invisible Man" tayari ni mpelelezi.

Mwanafasihi_Tanga
Ile ambayo hatuna tena haja ya kuisoma.

Mtafuta_Kitabu
Kama zipo bure, basi fedha niiweke kwa Freeman? Au nichapishe tu za bure?

Fundi_Jalada
Inategemea bei ya karatasi kwenu. Uko mkoa gani?