Naomba ushauri: samaki wangu anabadilika rangi, ni ugonjwa au?

Wakuu, habari za leo. Niko Mikindani, Mtwara. Bosi wangu ana mgahawa, kaweka tangi la kioo la samaki wa mwambani, na mtunzaji ndiyo mimi (niliajiriwa kukaanga pweza, lakini tuyaache hayo).

Kuna wale wadogo wa rangi ya chungwa wanaotembea kundi, kitaalamu Pseudanthias squamipinnis. Walikuwa saba: majike sita na dume mmoja wa zambarau, mwenye mwiba mrefu mgongoni kama mlingoti. Umeme ulikatika usiku, pampu ikazima, asubuhi dume anaelea.

Sasa ni wiki ya tatu. Jike mkubwa kaanza kuiva zambarau kuanzia kichwani, na anawakimbiza wenzake mpaka wanajibana kwenye mawe. Nimesoma kwamba dume akifa, jike mwenye ubabe hugeuka dume kwelikweli, anabadili na viungo vya uzazi. Bosi haelewi, anasema nimemroga samaki.

Aliyewahi kuwafuga anisaidie: nimwache tu, au nimtenge? Na chakula je? Baharini hudonoa vijidudu vinavyoelea mchana kutwa, mimi nawapa uduvi uliosagwa mara mbili kwa siku, naona matumbo yamebonyea. Halafu maji nachota ghubani, na masika hii mvua inayapunguza chumvi. Mnapimaje bila kifaa cha bei mbaya? Kuonja nimechoka.