Kodi ya zuio ya pango: kodi ni ya mwenye fremu, anayekamuliwa ni mpangaji

Wakuu, wenye fremu hapa Dodoma wanatutwisha kodi zao na sheria imewaachia mwanya. Nimechoka kunyamaza.

Sheria ya Kodi ya Mapato inasema mfanyabiashara akilipa pango akate asilimia 10, aipeleke TRA ndani ya siku 7 baada ya mwezi kuisha. Kodi hiyo ni ya mwenye nyumba, kwenye kipato chake. Mpangaji kazi yake ni kukata tu. Sasa njoo Majengo au Nkuhungu umwambie mzee wa fremu kwamba kwenye 1,800,000 yake ya miezi 6 utampa 1,620,000 na hati ya zuio, yaani karatasi ya kuonyesha kodi yake imeshakatwa. Wangu alinijibu, "Mwanangu, nataka hela yangu kamili. Habari za TRA malizana nao mwenyewe. Huwezi, toa vitu, wanaoitaka wapo." Na kweli wapo. Tangu Serikali itangaze kuhamia huku mwaka 2016, fremu haikai wazi, na sheria ya kudhibiti pango ilishafutwa 2005.

Nikalipa yote. Na hesabu haiishii 180,000: akishika 1,800,000 mkononi, hiyo inahesabiwa ni asilimia 90 iliyobaki baada ya kukatwa, kwa hiyo pango kabla ya kodi ni 2,000,000, zuio 200,000, zote zimetoka mfukoni mwangu. Bado ushuru wa stempu kwenye mkataba, asilimia 1 ya pango la mwaka.

Mtaniambia si nisikate tu. Usipokata, deni linakugeukia wewe, na riba juu! Wengine wanaletewa mkataba ulioandikwa nusu ya bei. Ndugu zangu, msisaini huo. Wewe unayefunga hesabu za biashara kwa ajili ya kodi, matumizi utakayoweza kuonyesha ni ya kwenye mkataba, kilichobaki kinahesabiwa faida yako na unakilipia kodi tena.

Kodi ya majengo ni yale yale. Imewekwa kwenye LUKU tangu 2021, ikaanza na 1,000 kwa mwezi, 2023 ikapanda hadi 1,500. Jengo la kwake, umeme nanunua mimi. Mdai akurudishie uone atakavyokuangalia.

Kwa nini mtu mwenye pesa akatwe na mtu anayemwogopa? Mkataba ukipelekwa kulipiwa stempu, jina la mwenye fremu limo na kiasi kimo. Adaiwe yeye moja kwa moja, mpangaji atoe taarifa tu. Na akimfukuza mpangaji kwa sababu ya kukatwa, awe na adhabu yake.

Bunge liko hapa hapa mjini. Kila mwaka Muswada wa Fedha ukifika, Kamati ya Bajeti hupokea maoni ya wadau. Wapangaji wa fremu, nani yuko tayari tuandike barua moja? Wekeni hapa mtaa, pango na mlichotwishwa. Majina ya watu msiandike.