Naomba ushauri: nyama ya ng'ombe ya kukaanga na matunda, embe au nanasi, na litiwe wakati gani?

BintiLangoni:
Asalaam aleikum wanajamvi. Shemeji yangu anakuja Lamu na familia yake wiki ijayo, na ombi lake ni moja tu: ile nyama ya mapishi ya Kichina, vipande vyembamba vinavyokaangwa upesi kwa moto mkali pamoja na pilipili boga na matunda, utamu na chumvi ndani ya sahani moja. Msimu huu maembe yamejaa sokoni pale kando ya ngome, na mananasi yapo pia, kwa hiyo tunda si tatizo.

Tatizo ni nyama. Nikiitia karaini inatoa maji, inajichemkia yenyewe, rangi haishiki. Tunda nalo linavurugika mpaka mchuzi unakuwa jamu. Mavyaa wangu ameonja akasema ladha anaipenda, lakini nyama meno yake hayaiwezi, na mimi nataka yeye ndiye ale mwanzo. Ninatumia jiko la gesi, nyama ya steki nusu kilo, thomu, tangawizi, sosi ya soya na sukari kidogo. Presha sitaki kuitumia, hapo itakuwa mchuzi mwingine kabisa. Nisaidieni.

JikoLaMkomani:
Waleikum salaam dada. Nusu kilo yote usiitie mara moja. Nyama baridi ikijaa karaini, karai linapoa, na yale maji yanayotoka hayapati moto wa kuyakausha papo hapo. Igawe mafungu matatu. Kabla ya hapo ifute kwa kitambaa safi mpaka iwe kavu, kisha lipashe karai tupu hadi lianze kufuka moshi, ndipo utie mafuta na fungu la kwanza. Itandaze, halafu iache. Usiipekue! Nusu dakika upande mmoja ishike rangi ya kahawia, igeuze, itoe uiweke kando hata kama katikati bado ni nyekundu. Itarudi jikoni mwishoni, itamalizikia humo.

KisuMkononi:
Mimi niko upande wa bucha, kwa hiyo niseme la kwangu. "Steki" kwa wauzaji wengi ni mnofu wowote usio na mfupa, na mara nyingi ni paja. Ukiweza, agiza sarara, ule mnofu laini wa mgongoni, mapema, maana ng'ombe mmoja hana sarara nyingi na wenye mahoteli wanaiwahi. Bei yake iko juu, sikufichi.

Ukipata paja, bado yafaa, ila kila kitu ni ukataji. Chukua kipande ukitazame kwenye mwanga: utaona nyuzi zimelala kuelekea upande mmoja. Kisu kizikate kwa kukingama, kisizifuate. Ukizifuata, mlaji anatafuna uzi mrefu kutoka mwanzo hadi mwisho, na hata upike vipi utaambiwa nyama ngumu. Ukikingamisha, kila kipande kina vijiuzi vifupi tu vinavyoachiana mdomoni. Iweke kwenye friza kama saa moja ikazane kidogo bila kuwa barafu, utaweza kukata unene wa milimita 3 bila nyama kukuteleza.

UpepoWaKusi:
Nyote mmesema kweli, lakini tunda lenyewe hamjaligusa. Dada, si unajua tunavyopaka papai bichi kwenye mishkaki? Papai lina kimeng'enya kinachovunja protini ya nyama, kiitwacho papaini. Nanasi bichi nalo lina chake, bromelaini. Kwa hiyo nanasi laweza kukufanyia kazi mbili: kijiko kimoja cha maji yake kwenye nyama, dakika 20 tu, na vipande vyake baadaye. Usilaze usiku kucha, tafadhali. Nyama nyembamba ikikaa sana na nanasi inalegea juu inakuwa kama uji, na hakuna dawa ya kuirudisha. Nanasi la kopo halilainishi, kwa sababu limeshapitia moto na kimeng'enya kimekufa.

Mimi kwa wageni napenda njia ya Wachina wenyewe: nyama nusu kilo, kijiko cha chai cha kornflawa, kijiko cha sosi ya soya, kijiko cha mafuta, changanya kwa mkono, iache nusu saa. Kornflawa inaivika kila kipande ngozi nyembamba inayozuia maji yasikimbie. Kwa njia hii ile hatua ya kufuta nyama ifanyike kabla ya kuichanganya.

BintiLangoni:
Allah awalipe. Basi kama nitatumia kornflawa, tunda nichague la ladha tu. Nina maembe ya ngowe na ya dodo nyumbani. Lipi?

UpepoWaKusi:
Ngowe, bila kufikiri mara mbili. Nyuzi zake ni chache na rangi yake inapendeza kwenye sahani. Ila lisiwe lililoiva la kula. Chagua lile lililoanza kunukia lakini ukilibonyeza kwa kidole gumba linakataa. Kata vipande vikubwa vikubwa, na uvitie wakati moto unakaribia kuzimwa: nyama imesharudi, sosi imeshashika, embe linaingia, unapindua mara mbili tatu, basi. Linapashwa tu, halipikwi.

Nahodha_Mstaafu:
Wanangu, mimi naona nanasi linashinda embe kwa nyama ya ng'ombe. Lina ukali unaokata mafuta. Embe ni tamu tupu, na ukiongeza sukari juu yake ndiyo hiyo jamu aliyoisema binti yetu. Akitaka embe, sukari aiache kabisa, atie ukwaju. Jambo jingine: hizo sosi za chupa za Kichina msome lebo, baadhi zina mvinyo wa mchele.

JikoLaMkomani:
Mzee amesema kweli kuhusu ukwaju. Bi Langoni, changanya sosi yako kwenye bakuli kabla hujawasha jiko, kwa sababu ukishaanza hutakuwa na nafasi ya kutafuta chupa: sosi ya soya vijiko vitatu, maji mazito ya ukwaju vijiko viwili, maji vijiko vitatu, nusu kijiko cha chai cha kornflawa. Chumvi usiongeze mpaka uonje, soya ina chumvi nyingi. Thomu na tangawizi viingie baada ya nyama kutoka, sekunde chache tu visiungue, kisha pilipili boga, kisha bakuli lako. Kitu chochote chenye sukari kikitangulia kwenye karai la moto vile kitaungua na kuleta uchungu.

BintiLangoni:
Nimeelewa sasa. Kesho naagiza sarara, na keshokutwa nampikia mavyaa kwanza kabla ya wageni, nusu ya embe nusu ya nanasi, achague yeye. La mwisho: wali niupike wa nazi?

Nahodha_Mstaafu:
Mweupe, mwanangu. Nazi iache siku ya samaki.