Je, jimbo la Maine liilazimishe miji kuruhusu nyumba zaidi?

Ndugu zangu mnaoishi Portland, Lewiston, Westbrook na miji jirani, naileta mada hii wakati msimu wa kuuza nyumba umeshaanza. Kila mwaka hapa Maine nyumba huanza kutangazwa kwa wingi theluji inapoyeyuka mwezi Aprili, kwa sababu familia zenye watoto hutaka kuhama kabla shule hazijafunguliwa mwishoni mwa kiangazi. Swali linalotugawa ni hili: je, serikali ya jimbo iwe na mamlaka ya kuilazimisha miji kuruhusu nyumba zaidi, au kila mji uachiwe uamuzi wake? Mimi nasema jimbo liwe na mamlaka hayo, na liyatumie zaidi ya lilivyoyatumia hadi sasa.

Sheria inayobishaniwa ni LD 2003 (hiyo ni namba ya muswada, si mwaka), iliyopitishwa mwaka 2022 na kuanza kutekelezwa na miji mwaka 2024. Ilipopitishwa, ilimruhusu mwenye kiwanja kilichotengwa kwa nyumba ya familia moja kujenga mbili, na hadi nne ikiwa kiwanja ni kitupu na kimo katika eneo la ukuaji, yaani lililotengwa na mji kwa ajili ya kupanuka, au kimeunganishwa na mifumo ya maji safi na maji taka. Pia inaruhusu nyumba ndogo ya ziada uani. Wapinzani wanasema jimbo limepora madaraka ya wenyeji. Lakini tuangalie madaraka hayo yametumikaje. Utafiti wa jimbo wa mwaka 2023 ulikadiria kwamba Maine inahitaji nyumba kati ya 76,000 na 84,000 ifikapo mwaka 2030, na kati ya hizo takriban 38,500 ni deni la miaka iliyopita, yaani nyumba ambazo zilipaswa kuwa zimeshajengwa.

Deni hilo tunalilipa sisi wanunuzi na wapangaji. Bei ya kati ya nyumba jimboni, yaani ile ambayo nusu ya nyumba huuzwa chini yake na nusu juu yake, ilikuwa takriban dola 225,000 mwaka 2019. Mwaka 2024 ilikuwa karibu dola 390,000. Riba nayo imepanda. Mkopo wa dola 300,000 wa miaka 30, kwa riba ya asilimia 3 iliyopatikana mapema mwaka 2021, hulipiwa kama dola 1,265 kwa mwezi. Kwa asilimia 7, mkopo huohuo hulipiwa karibu dola 2,000, kabla hujagusa kodi ya majengo na bima. Ndiyo maana aliyekopa wakati ule hataki kuuza, kwa kuwa akiuza atalazimika kukopa upya kwa riba kubwa, na nyumba zinazobaki sokoni zinakuwa chache kupindukia.

Anayetaka kuuona uchache huo kwa macho yake aende Jumamosi kwenye nyumba iliyofunguliwa kwa wanunuzi. Hivi karibuni nilimsindikiza dada yetu mmoja kuitazama nyumba ya vyumba vitatu huko Westbrook. Viatu vyenye tope vilijaa mlangoni hadi tukakosa pa kuweka vyetu. Katika chumba cha chini ya ardhi, ukuta ulikuwa na alama ya maji iliyofika magotini, na pampu ilikuwa ikinguruma pembeni. Pamoja na hayo, dalali alimshauri atoe bei inayozidi ile iliyotangazwa, tena aache ukaguzi wa fundi, kwa sababu wengine wangeuacha. Mtu aliyeweka akiba kutokana na zamu za usiku katika nyumba ya kulelea wazee anaambiwa aihatarishe akiba hiyo yote bila kujua msingi wa nyumba una hali gani. Hali hii inaniuma sana.

Sasa tazameni miji inavyoamua ikiachiwa peke yake. Machi 2024 wapiga kura wa Cumberland walikataa mradi wa nyumba 107 za bei nafuu. Kabla ya hapo, Cape Elizabeth, mradi wa nyumba 46 tu ulikwama baada ya wakazi kukusanya saini za kuupinga. Familia ambazo zingehamia huko hazikupiga kura, kwa sababu bado hazikuwa wakazi, na hapo ndipo ninapoiona kasoro ya msingi ya kuuachia mji neno la mwisho.

Hoja moja ya wapinzani naiheshimu: ile ya maji taka. Pasipo na bomba la umma, kila nyumba hutegemea shimo lake na kisima chake, na udongo wa sehemu nyingi hauwezi kubeba kaya nne kwenye kiwanja kidogo. Hoja hiyo ijibiwe na wahandisi, kiwanja kwa kiwanja. Hoja ya shule kujaa siikubali. Maine ndiyo jimbo lenye umri wa kati mkubwa kuliko yote Marekani, na lina uhaba wa vijana. Wale wanaosema uhaba umeletwa na waomba hifadhi kutoka Congo na Angola, waliolazwa katika ukumbi wa michezo wa Portland Expo mwaka 2019 na waliowafuata mwaka 2023, wakumbuke zile nyumba 38,500. Pengo la namna hiyo hujengeka kwa miaka mingi, na jimbo hili linaongoza nchini kwa sehemu ya nyumba zinazotumika kwa likizo tu.

Udhibiti wa kodi ya pango uliopitishwa na wapiga kura wa Portland mwaka 2020 nauunga mkono, ila unamlinda zaidi aliye ndani tayari. Mgeni anayetafuta chumba haumjengei nyumba mpya.

Pendekezo langu ni kwamba mradi uliotimiza masharti ya ujenzi usipelekwe tena kwenye kura ya mji. Anayeona kwamba kura hiyo ibaki, naomba atueleze zile familia 107 zilizokataliwa Cumberland zijengewe wapi, na mji gani umekubali kuzipokea.