Mjadala: Samaki mpya wa maji chumvi lazima apite karantini, au tunawatesa bure?

Mleta mada (Nairobi)

Wakuu, habari za leo. Kila mtu akinunua kangaja mpya mabishano haya yanaanza upya, na hayaishi vizuri. Basi tuyaweke mezani. Samaki mpya aingie moja kwa moja kwenye tangi lenye matumbawe na wenzake, au akae kwanza peke yake kwenye tangi la pembeni kwa wiki kadhaa?

Natangulia na msimamo wangu nisije nikaambiwa nimejificha nyuma ya swali. Mimi ni wa karantini, tena karantini ya dawa. Kumtazama tu hakutoshi. Na sababu yangu kubwa ni shaba. Dawa inayotegemewa zaidi dhidi ya madoa meupe na velveti, magonjwa mawili ya vimelea, ni shaba, na shaba inaua matumbawe, konokono, kamba na karibu kila asiye na uti wa mgongo. Siku vimelea vikiingia tangi kuu, humo ndani dawa huwezi kuimwaga. Itabidi uwatoe samaki wote. Aliyewahi kukimbizana na samaki mmoja mwenye nguvu zake katikati ya mawe anajua kinachofuata: unabomoa mawe yote uliyopanga, matumbawe yanavunjika, maji yanachafuka, na samaki bado kajibanza kwenye ufa wa mwisho. Ile karantini uliyoikwepa mwanzoni unakuja kuifanya mwishoni, kwa samaki wote kwa mkupuo, wakiwa wagonjwa.

Kwa wageni kidogo. Madoa meupe ya maji chumvi yanaletwa na kimelea kiitwacho Cryptocaryon irritans. Kinajichimbia chini ya ngozi ya samaki, kinakula siku 3 hadi 7, kisha kinadondoka. Huko chini kinajigandisha kwenye jiwe au mchanga ndani ya kifuko na kuanza kujigawa. Kifuko kimoja kinaweza kutoa hadi vitoto 200, navyo vina siku moja au mbili tu za kumpata samaki, la sivyo vinakufa. Wengi wanadanganyika hapo katikati: madoa yakipotea wanashangilia kwamba samaki kapona, kumbe kimelea kimeshuka kwenda kuzaa. Vifuko vingi hupasuka ndani ya wiki nne, lakini vimewahi kuonekana vikikawia hadi siku 72. Ndiyo maana watu wanaacha tangi bila samaki siku 76. Miezi miwili na nusu unatazama mawe.

Nawasilisha. Wasiokubaliana nami, uwanja ni wenu.

Mdau (Dar es Salaam)

Mkuu, heshima kwako, ila naomba kutofautiana. Wewe unahesabu samaki waliokufa kwa madoa meupe. Waliokufa ndani ya karantini nani anawahesabu?

Tuseme ukweli karantini za wengi wetu zikoje. Ni tangi dogo, tupu, la plastiki, na filta iliyonunuliwa jana haina bakteria hata mmoja. Samaki katoka safarini kachoka, hajala, unamtia humo, amonia inapanda siku ya pili, juu yake unamimina shaba kwa kukadiria na kizibo cha chupa. Akifa tunasema "alikuja na ugonjwa". Samaki aitwaye mandarini je? Yule anakula vijidudu hai kwenye mawe, kutwa nzima anadonoa. Ukimweka kwenye tangi lisilo na jiwe hata moja umemhukumu njaa.

Halafu kuna suala la kinga. Burgess na Matthews walichapisha utafiti mwaka 1995 kwa samaki wa jamii ya mkizi, wakaonyesha kwamba aliyeambukizwa akapona anajenga kinga, na kinga hiyo inaweza kudumu hadi miezi sita. Maana yake mwili wa samaki unajua kazi yake. Mpe chakula bora, mpe mahali pa kujificha, usimgombanishe na wakubwa, atapambana. Mimi matangi yangu yana vimelea bila shaka, na samaki wanazaa.

Mleta mada (Nairobi)

Hoja ya amonia nakupa yote, haina ubishi. Dawa yake inajulikana: sifongo ya filta ya karantini ikae wiki kadhaa kwenye tangi la chini la mfumo wako mkuu ili bakteria waizoee, na uihamishe siku ile samaki anafika. Haigharimu chochote.

Ya shaba nakupa nusu. Kinachoua ni kukisia. Kuna shaba ya kawaida ambayo hulengwa karibu miligramu 0.5 kwa lita, na kuna ile iliyofungwa na kemikali nyingine ambayo hulengwa miligramu 2 hadi 2.5. Mtu akifuata chupa ya moja kwa kipimo cha nyingine, huyo samaki kwisha habari yake. Ukiongeza ile dawa ya kutuliza amonia humo humo, baadhi yake hubadilisha shaba ikawa kali zaidi. Na usiweke mchanga wa matumbawe wala mkaa, vitainywa shaba yote ubaki unatibu kwa maji matupu. Kwa hiyo weka vipande vya bomba la plastiki la fundi bomba ajifichie, basi.

Utafiti wa 1995 sikatai. Ila uangalie masharti yake: kule maabara kipimo cha vimelea anaamua mtafiti. Kwenye tangi lako nani anaamua? Kinga ni ya aliyenusurika. Kangaja aliyefika juzi hana kinga, na unamtia kwenye maji ambayo wenyeji wamezoea vimelea vyake. Wenyeji watasimama, mgeni ataanguka. Kisha utasema alikuwa dhaifu.

Na yote hayo ni ya madoa meupe, ambayo angalau yanakupa muda. Velveti, yaani Amyloodinium ocellatum, haikupi. Kifuko chake kinaweza kutoa hadi 256, na kinaanzia kwenye mashavu kabla hujaona kitu mwilini. Utamkuta samaki amesimama mbele ya pampu, kichwa kaelekeza kwenye mkondo wa maji, mashavu yanapiga haraka haraka, chakula hakitazami. Ngozi bado safi. Ukisubiri uone lile vumbi la rangi ya dhahabu ubavuni, umechelewa. Wengi hufa ndani ya siku chache tu. Kinga gani ya kujengwa kwa mwendo huo?

Mdau (Mtwapa)

Mimi naongea kutoka upande wa majini, kwa sababu hawa samaki mnaowabishania wengine wanatoka huku kwetu. Yule kangaja wa buluu mwenye uso mweusi na pezi la njano mgongoni, Acanthurus leucosternon, ni wa Bahari ya Hindi, na pwani yetu yupo. Tunazamia na kumkusanya kwa nyavu za mkono. Akiwa mwambani hana madoa ya kutisha. Vimelea vipo, lakini bahari ni kubwa, vitoto 200 vikitoka vingi havimpati mtu. Nyie mnavifungia kwenye lita 300 pamoja na samaki wanane, mnategemea nini?

Ila mleta mada, kuna jambo umelipita. Samaki anapakiwa kwenye mfuko wa plastiki, maji kidogo, oksijeni nyingi, anasafiri mpaka siku mbili. Humo ndani anapumua, hewa ya kaboni inayeyuka, maji yanakuwa na asidi, na hiyo asidi ndiyo inaifanya amonia isimdhuru sana. Ukifungua mfuko, kaboni inatoka, asidi inapungua, na amonia ile ile inageuka sumu. Sasa mtu kafungua mfuko, kauning'iniza, anadondoshea maji tone tone kwa saa mbili "azoee". Anamchoma mashavu mwenyewe kabla ya kimelea chochote. Sawazisha joto mfuko ukiwa umefungwa, linganisha chumvi ya tangi la karantini na ya mfuko mapema, ukifungua mtoe moja kwa moja.

Na dawa msimpe siku ya kwanza. Muacheni ale kwanza.

Mdau (Mombasa)

Mbona mnajitesa? Wekeni samaki msafishaji, yule mdogo mwenye mstari mweusi ubavuni, na chakula kilichochovywa kitunguu saumu. Yamekwisha.

Mleta mada (Nairobi)

Ndugu yangu, kitunguu saumu tuachie pilau. Huyo msafishaji anachokula hasa ni vijidudu vinavyong'ang'ania juu ya ngozi, vile vya jamii ya kamba. Cryptocaryon imejichimbia chini ya ngozi, haifikii. Taa ya urujuanimno nayo inapunguza vitoto vinavyopita kwenye bomba lake, haigusi vifuko vilivyoganda mawe.

Wa Mtwapa, asante, hilo la mfuko watu walisome mara mbili.

Mdau (Muscat)

Nawasoma toka asubuhi. Mnabishana kama vile mzigo wote ni wa mnunuzi. Mimi naona swali la kweli ni muuzaji. Kwa nini nilipe bei ya samaki mzima, kisha nijenge hospitali nyumbani?

Nenda duka lolote kubwa, chungulia chini ya yale matangi. Mara nyingi maji yote yanarudi kwenye tangi moja chini, yanachujwa, yanapanda tena. Matangi ishirini, maji mamoja. Muuzaji anakuambia "huyu amekaa wiki mbili karantini". Karantini gani, wakati juzi ameingiza shehena mpya kwenye maji hayo hayo? Tena wengine wanaweka shaba kidogo kidogo mfululizo, haifiki kiwango cha kuua, inatosha tu kukizuia kimelea kisionekane. Samaki dukani anang'aa. Ukimpeleka kwako kwenye maji yasiyo na shaba, baada ya wiki moja au mbili madoa hayo.

Wauzaji walazimishwe kutibu kabla ya kuuza. Nimemaliza.

Mleta mada (Nairobi)

Umegusa kidonda, na kwa hoja ya shaba hafifu umenisaidia mimi kuliko unavyodhani: hiyo ndiyo inayoua nadharia ya "nimemtazama dukani yuko safi".

Kulazimisha sioni kama kutafika mbali. Anayetibu kweli anakaa na samaki mwezi mzima, analisha, anapima, wengine wanamfia, na bei lazima ipande. Wapo wauzaji wa namna hiyo, na mimi nikimpata ninayemwamini nalipa bila kulalamika. Kwa wengine wote ningeridhika wakijibu maswali matatu kaunta: maji ya tangi hili yanachangiwa na matangi mengine? Mna shaba humu, kiasi gani? Huyu aliingia lini? Akianza kutafuta maneno, jibu umelipata.

Mdau (Dar es Salaam)

Haya, kwa kangaja nakubali, yule ni sumaku ya madoa meupe. Kwa mandarini siafiki, na hujanijibu.

Mleta mada (Nairobi)

Nilikuwa nakuja huko. Mandarini shaba simpi. Kwake nahamisha matangi: vyombo viwili, kila baada ya siku tatu anahamia kingine chenye maji mapya ya chumvi na joto lile lile, mara nne. Vimelea vikidondoka vinaachwa nyuma kabla havijapasuka. Kile chombo cha nyuma, pamoja na bomba la hewa, kinaoshwa na kukaushwa kabisa. Vijidudu vyake vya kula unamnunulia au unavifuga kwenye ndoo, na huko utoe jasho kweli. Njia hii kwa velveti siitegemei, hilo niliseme wazi.

Mdau (Dar es Salaam)

Sawa. Ila kuna jamaa anasema hata konokono na matumbawe wakae siku 76 bila samaki. Hapo mnatania.

Mleta mada (Nairobi)

Hatutanii. Konokono haugui, lakini kifuko kinaganda popote pagumu, na gamba lake ni pagumu. Mimi nina beseni lenye taa ndogo na pampu, hakuna samaki humo, kila konokono na kipande cha matumbawe kinaanzia pale.