Uzamili wa jiografia: andiko la Mto Mirongo limerudishwa, naomba michango ya kitaalamu

Nyakato_Mmoja aliandika:

Wakuu, habari za jioni. Naomba mnisaidie kukata nguo hii, maana kitambaa ni kikubwa kuliko mvaaji.

Andiko la utafiti la uzamili lilikuwa na kichwa "Athari za ukuaji wa mji kwa mazingira ya Jiji la Mwanza". Limerudishwa na swali moja pembeni: "Unapima nini?" Nimelipunguza, sasa linahusu makazi yaliyo ndani ya mita 60 za Mto Mirongo. Mpango ni huu:

1. Picha za setilaiti za Landsat, Agosti 2003 na Agosti 2023, niainishe matumizi ya ardhi kisha nilinganishe.
2. Madodoso kwa kaya, sampuli kwa fomula ya Yamane.
3. Ramani ya maeneo yanayofurika kutoka modeli ya kimo ya SRTM.

Je, hapo kuna tasnifu au bado nazunguka mbuyu? Na vibali vinaanzia wapi?

Jabali_la_Isamilo alijibu:

Mkuu, sehemu ngumu umeshaimaliza. Mita 60 ni namba ya kisheria, imo kwenye kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kwa hiyo hakuna atakayekuuliza umeitoa wapi. Tatizo ni kwamba vifaa ulivyochagua haviwezi kuiona hiyo namba.

Pikseli ya Landsat ni mita 30 kwa 30. Ukanda wako mzima una upana wa pikseli mbili kila upande wa mto, basi. Chukua pikseli moja tu kwenye mteremko wa Mabatini: mita za mraba 900. Humo mnaweza kukaa nyumba tano za mabati za mita 8 kwa 10, jabali moja, mwembe, kijia cha miguu na kamba ya kuanikia nguo. Setilaiti haitenganishi hivyo vitu. Inakupa wastani wake, namba moja kwa kila bendi. Halafu wewe uamue hiyo namba ni "makazi" au "si makazi". Makosa ya pikseli moja pembeni ni nusu ya ukanda wako.

La pili, Agosti 2003. Kifaa cha kurekebisha mistari ndani ya Landsat 7 kilikufa tarehe 31 Mei 2003, na kila picha yake baada ya hapo ina michirizi mitupu inayokula karibu asilimia 22 ya eneo. Ukikuta picha imezibwa vizuri, jua kuna mtu kaziba kwa pikseli za tarehe nyingine.

La tatu ndilo linalowaangusha wengi wanaofanyia kazi Mwanza. Kipimo cha NDBI kimezoeleka kwa kutafuta majengo, lakini granaiti iliyo wazi na udongo mkavu wa kiangazi huakisi mwanga kwa namna inayokaribiana sana na paa na saruji. Ukikiamini bila kukagua, vilima vya mawe matupu vitahesabiwa kuwa makazi tangu mwanzo, na tasnifu itahitimisha kwamba mji haukukua kwa sababu ulikuwa umeshajaa.

Achana na kuainisha pikseli. Hesabu majengo. Fungua Google Earth Pro, nenda kwenye kitelezi cha picha za zamani, tazama ni tarehe zipi zina picha kali juu ya mto wote bila mawingu. Miaka ya utafiti iamuliwe na picha zilizopo, usiichague kwa sababu inapendeza machoni. Kuwa macho, skrini moja inaweza kuwa imeunganishwa kutoka picha za tarehe mbili tofauti.

Kisha chora kila paa kwa mkono. Kwa ukanda mwembamba hivi ni kazi ya wiki chache, haikuui. Kwa mwaka wa karibuni unaweza kuanza na data ya Google Open Buildings, ambayo ni ya bure, na kila jengo lina alama ya uhakika. Zile za alama ya chini zikague moja moja, maana jabali lenye ukingo ulionyooka na kivuli kikali linaweza kupewa hadhi ya nyumba.

Picha za miaka tofauti hazilaliani sawasawa, hasa kwenye miteremko. Zinaweza kupishana mita kadhaa, na kwenye ukanda wa mita 60 hilo si dogo. Hapa ndipo mawe yetu yanalipa deni: jabali halihami. Chagua majabali kumi au kumi na tano yaliyosambaa, chukua kona iliyo usawa wa ardhi (ya juu huegemea kufuata pembe ya kamera), uyatumie kuoanisha picha zote kabla hujachora paa hata moja.

Ramani_Kirumba alijibu:

Naongezea kwenye QGIS (programu ya kuchora ramani), maana hapo ndipo watu hupoteza siku nzima.

Tabaka zote za ramani zipeleke kwenye mfumo wa koodineti wa WGS 84 / UTM ukanda wa 36 Kusini, unaopima kwa mita, namba yake ni EPSG:32736. Ukiacha tabaka kwenye EPSG:4326, mfumo wa digrii, ukaandika bafa (ukanda unaochorwa kuzunguka umbo) ya 60, programu inaelewa digrii 60. Utapata umbo linaloanzia Mwanza na kufika Ulaya ya kaskazini. Hilo angalau utaliona.

Usiloweza kuliona kirahisi ni ramani za zamani za 1:50,000. Zimejengwa juu ya datamu (msingi wa koodineti) ya Arc 1960 (UTM yake ni EPSG:21036). Ukizisajili kana kwamba ni WGS 84, kila kitu kinahama takriban mita 300, zaidi kwa mwelekeo wa kaskazini na kusini. Mto utapita juu ya mapaa, na ukanda wako wa mita 60 utakuwa unapima mtaa mwingine kabisa.

Tena, bafa ianzie ukingoni. Ukichora mto kama mstari mmoja katikati, sehemu yenye upana wa mita 10 itakuibia mita 5 kila upande. Chora kingo mbili, funga poligoni, ndipo uweke bafa. Nyumba iliyokatwa na mstari ihesabiwe vipi? Amua mapema, kwa mfano imo kama nusu ya paa au zaidi iko ndani, andika kanuni hiyo kwenye sura ya mbinu, usiibadilishe ukiona matokeo.

Dodoso_Butimba alijibu:

Nakubaliana na wakuu hapo juu kuhusu picha. Sasa tuje kwa watu.

Fomula ya Yamane kila mtu anaijua: n = N / (1 + N × e²). Kaya 2,400 na kosa la 0.05 zinakupa 2,400 ÷ 7, yaani 343. Ukipandisha kosa hadi 0.1 unapata 96. Hesabu ni sawa, ila fomula inadhani unachota kwa bahati nasibu kutoka kwenye orodha kamili na kwamba kaya zote ni za namna moja kwako. Swali lako ni la umbali kutoka mtoni. Ukichota ovyo kata nzima, kaya nyingi zitatoka mbali na mto, na zile za ukingoni ambazo ndizo hoja yako zitakuwa chache hata usiweze kusema lolote. Gawa kaya katika matabaka mawili, mita 0 hadi 60 na 60 hadi 200, uchukue idadi sawa kila upande. Ukitaka makadirio ya eneo zima, rudisha uzito wa kila tabaka kulingana na idadi halisi ya kaya zake wakati wa kuchambua.

Orodha utaiomba kwa mtendaji wa mtaa. Chukulia kwamba imepitwa na wakati. Njia salama ni kuchagua majengo kutoka kwenye ramani uliyochora, kisha kuorodhesha kaya ukifika. Nyumba ya vyumba sita ya kupangisha inaweza kuwa na kaya tano, na mwenye nyumba haishi hapo. Kwa hiyo andika waziwazi kitengo chako: jengo au kaya? Wengi wanachanganya, kisha asilimia zinagoma kukubaliana.

Swali la kwanza la dodoso liwe "umeishi nyumba hii tangu mwezi gani, mwaka gani?" Mpangaji wa miezi minane hawezi kukueleza mafuriko ya miaka mitatu nyuma. Atakujibu, lakini atakuwa anasimulia ya jirani.

Na tafadhali, kwenye utangulizi usibandike idadi ya watu wa Mkoa wa Mwanza ya 2002 (2,942,148) kando ya ile ya 2012 (2,772,509) bila maelezo. Inaonekana watu walipungua. Hawakupungua. Mwaka 2012 Geita ilitolewa ikawa mkoa, na Busega ikaenda Simiyu. Manispaa ya Ilemela nayo ilitenganishwa na Jiji la Mwanza mwaka huohuo. Kila jedwali la sensa likague kwanza mipaka yake, hadi ngazi ya kata.

Jabali_la_Isamilo alijibu:

@Dodoso_Butimba, mimi ningeondoa dodoso lote. Kwa uzamili, idadi ya majengo na mahali yalipoongezeka inatosha kabisa. Akiongeza kaya mia tatu anafungua tasnifu ya pili.

Dodoso_Butimba alijibu:

Inatosha kusema *ngapi*, haitoshi kusema *kwa nini*. Picha haitakwambia kama waliojenga ndani ya mita 60 walifika kabla ya 2004 au baada yake, wala nani kapanga na nani kanunua. Ila namba naikubali ipungue. Kaya 60 kwa kila tabaka zikifanywa vizuri ni bora kuliko 343 zilizojazwa chini ya mwembe na msaidizi aliyechoka.

Pima_Mvua alijibu:

Namba 3 ifute, mkuu. SRTM ilipimwa Februari 2000, seli zake ni mita 30, na kosa lake la kimo ni la mita kadhaa. Katikati ya mji mkondo wa Mirongo unaingia ndani ya seli moja. Modeli itapeleka maji popote inapoona shimo la uongo, na mapaa na miti vimehesabiwa kuwa ardhi. Inafaa kupata mpaka wa bonde zima na miteremko ya vilima, lakini haiwezi kukwambia maji yanafika mlango wa nani.

Badala yake pima alama za maji ukutani. Nenda na futi ya kupimia, pima kutoka sakafuni hadi mstari wa tope, uliza ni mvua ya lini, mtafute shahidi wa pili katika nyumba nyingine. Koodineti chukua kwa simu, lakini simama mbali kidogo na majabali makubwa na kuta ndefu, kwa sababu mawimbi ya GPS yanayogonga mwamba kabla ya kukufikia huongeza kosa. Subiri usomaji utulie, kisha andika na kosa ambalo simu yenyewe inaonyesha. Kimo cha simu usikiguse.

Mvua usitegemee CHIRPS (data ya makadirio ya mvua kwa setilaiti) peke yake. Ina rekodi tangu 1981 na ni nzuri kwa mwelekeo wa miaka au msimu, lakini seli yake ni kama kilomita 5, na pwani ya Mwanza seli moja inaweza kushika maji na nchi kavu kwa pamoja. Juu ya ziwa radi nyingi hupiga usiku na alfajiri, nchi kavu ni alasiri, kwa hiyo mchanganyiko huo si jambo la kupuuza. Kwa mvua ya siku moja iliyoleta mafuriko, omba rekodi za kituo kutoka Mamlaka ya Hali ya Hewa.

Nyakato_Mmoja aliandika:

Nimewaelewa wakuu, asanteni sana. Vibali je? Na vipi kuhusu droni kwa picha za sasa?

Ramani_Kirumba alijibu:

Kwa mwanafunzi wa chuo cha ndani, barua ya kibali inatoka chuoni. Unaipeleka kwa Katibu Tawala wa Mkoa, inashuka kwa wilaya na kwa Mkurugenzi wa Jiji, kisha mtendaji wa kata, kisha mtaa. Usiruke ngazi. Beba nakala nyingi, maana kila ofisi inabaki na yake, na hakikisha barua inataja kata kwa majina. Ukihitaji hata mtaa mmoja ulio Ilemela, hiyo ni halmashauri nyingine na mlolongo mwingine.

Droni inahitaji kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na Mwanza ina uwanja wa ndege mjini humohumo. Kwa ratiba ya uzamili ningeiacha.

Kingine ambacho hukuuliza. Koodineti ya nyumba ikikaa safu moja na jina au namba ya simu, hizo ni taarifa binafsi chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Na hawa ni watu ambao tasnifu yako inasema wamejenga mahali pasiporuhusiwa. Tenganisha majedwali, na kwenye ramani ya kuchapisha onyesha idadi kwa kila mita 100 za mto, usiweke nukta kwa kila nyumba.

Nyakato_Mmoja aliandika:

Kichwa kipya: "Mabadiliko ya idadi ya majengo ndani ya mita 60 za kingo za Mto Mirongo, Jiji la Mwanza". Miaka nitajaza nikishaona picha. Neno "athari" nimelitoa.

Jabali_la_Isamilo alijibu:

Sasa kinapimika. Bado kipande cha mto. Mirongo una vijito vinavyoingia kutoka vilimani, na mtu anaweza kukuuliza kwa nini hiki umekihesabu na kile umekiacha. Andika koodineti ya mahali unapoanzia na pale mto unapoingia ziwani. Na kwa kuwa ziwa lilipanda sana mwaka 2020, sema mdomo wa mto umeuchora kwa picha ya tarehe gani.