Armored Core ya 1997: niweke miguu gani chini ya mzinga wa mgongoni?

Wakuu, naombeni ushauri wa kuunda roboti kwenye Armored Core ya kwanza, mchezo wa video wa PlayStation, ile ya watu kuishi chini ya ardhi huku kampuni za Chrome na Murakumo zikikabana koo.

Miguu miwili lazima ipige goti ndipo mzinga wa mgongoni ufyatuke, na hapo ndipo unapochakazwa. Miguu minne na ya kifaru (ya minyororo) inafyatua ikiwa kwenye mwendo. Ila ya kifaru ni mizito mno kwenye mahandaki membamba.

Shida ya pili ni nishati. Bunduki ya leza haina gharama ya risasi, lakini inakula geji ileile ya nishati inayotumiwa na busta (injini za kuirusha roboti). Geji ikikauka, huruki wala hufyatui leza mpaka ijae yote. Bunduki ya risasi haigusi geji, ila bili yake inakatwa kwenye malipo ya kazi.

Je, kwa miguu minne nitangulize jenereta kubwa au busta isiyokula sana? Vipuri vinauzwa kwa bei ileile ya kununulia, kwa hiyo kujaribu si hasara. Tafadhali msinishauri nizame kwenye deni la 50,000 za pesa za mchezo nipate Human Plus, upasuaji unaompa rubani uwezo wa ziada; nataka kushinda bila hiyo.